Waliojibu kutoka kwenye mihogo

Baraka, Ijumaa. Ukungu umeshuka tangu asubuhi kutoka milima ya Bibokoboko, na hadi sasa jioni inaingia sijaliona ziwa. Nimefunga dirisha la ofisi. Sisikii baridi. Nimelifunga tu.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu. Mimi ni msaidizi wa Mama Riziki, depite wetu, mbunge wa huku. Yeye akiwa bungeni Kinshasa, mimi ndiye ninayepokea watu hapa, nasikiliza shida zao na kuandika humu ukurasani habari za kwetu: daraja lililokatika, bei ya samaki wa ndakala, shule iliyoezuliwa na upepo, nani kafiwa. Leo nilipaswa kuandika habari ya mkutano wa jana. Nimeanza, nimefuta, nimeanza tena. Basi acha niandike kama ninayejiandikia mwenyewe.

Jana tulipanda kwenye kijiji kimoja cha njia ya milimani. Jina siliandiki, na majina ya watu nimeyabadili, mnajua kwa nini. Kabla ya msimu wa mvua kuanza, wenye bunduki waliwazuia njiani watu wa kijiji hicho waliokuwa wakitoka sokoni, wakaingia nao porini. Vijana, wasichana, baba mmoja na mkewe. Hawakurudi. Ndugu zao walimtuma Mama Riziki akawaulizie bungeni, naye akauliza. Waziri alisema suala liko mikononi mwa wahusika. Kikao kikaendelea na mambo mengine.

Hilo ndilo alilokwenda kuwaambia. Mimi nilimsihi atume tangazo redioni, maana njia si salama.

"Bale bamama balinituma kwa kinywa," alinijibu. "Nitabajibu kwa kinywa."

Barabara ilikuwa tope tupu. Tuliacha gari chini, tukapanda kwa miguu, yeye, mimi na Shabani dereva. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni mbwa. Kijiji kile kina mbwa wakali, siendi kule bila fimbo. Jana hakubweka hata mmoja.

Hapakuwa na mtu.

Kijiji hakikuwa kimechomwa wala kuporwa. Milango ilikuwa wazi. Kwenye nyumba ya kwanza sufuria ya sombe, majani ya mihogo, ilikuwa jikoni inachemka, inamwagikia moto. Nyumba ya pili bugali ilikuwa imesongwa nusu, mwiko umesimama ndani yake. Niligusa, ikaniunguza kidole. Kwenye beseni uani nguo zilikuwa bado na povu la sabuni. Kanisani walikuwa wamepanga mabenchi, wametandika kitambaa cheupe mezani na kutia maua kwenye chupa kwa ajili ya mgeni wao.

"Mama, turudiye," Shabani alinong'ona. "Hapa haiko muzuri."

Mimi nilikuwa nimeshageuka. Nakiri. Mama Riziki alibaki anatazama nje. Kanisa lile limezungukwa na mihogo mirefu kupita mtu, inafika hadi madirishani, na ukungu ulikuwa umeilalia. Upepo haukuwepo. Majani yalitikisika mahali pamoja, yakatulia.

"Beko hapa," alisema polepole. "Banatusikia."

Akaenda mezani, akayasalimia mabenchi matupu.

Aliongea kwa sauti ya juu, bila haraka, kama anaona nyuso. Alieleza alivyouliza na alivyojibiwa. Hakupamba kitu. Alisema hana jibu la kuwapa na anaona haya kuja mikono mitupu. Sauti yake ilikuwa inagonga ukuta wa udongo na kuturudia. Shabani alisimama mlangoni, macho njiani. Mimi nilikaa benchi la mbele, kando ya dirisha.

Kisha akasema: "Nilitaja majina yabo mbele ya bunge lote. Nitayataja na hapa, munirudishe kama nimesahau mutu."

Akataja jina la kwanza.

Kimya. Halafu, kutoka kwenye mihogo upande wa kushoto, sauti ya mwanamke: "Ni wa kwangu."

Mama Riziki akataja la pili. Sauti ya mzee, nyuma ya kanisa: "Ni wa kwetu." Akaendelea. Kila jina lilijibiwa kutoka pahali pengine, karibu, mbali, na mara moja chini ya dirisha langu kabisa, nikasikia hadi pumzi. Hatukumwona hata mmoja.

Akafika kwa Bahati, kijana wa Mama Sifa.

"Niko," ilijibu sauti ya mwanaume.

Mama Riziki aligeukia dirishani. Huko nje mwanamke alipiga ukelele, na mihogo yote ikaanza kutikisika.

Walitoka, wamelowa, wamejaa matope, wamewaziba watoto na mbwa midomo. Chefu Asukulu, mkuu wa kijiji, alitueleza. Muda mfupi kabla hatujafika waliona wenye bunduki wakipita bondeni, kila mtu akakimbilia shambani na alichokuwa nacho mkononi. Sisi walituona tukipanda.

"Lakini hatukujua nani iko nyuma yenu," alisema. "Tukasema tusikilize tu."

Mama Sifa hakungoja maelezo. Alikuwa anapita kati ya mihogo akiita. Tulimsaidia sote. Pale sauti ilipotokea hapakuwa na mtu, na Chefu alipouliza, hakuna aliyekuwa amejificha upande ule, maana ndio upande wa bonde walikopita wenye bunduki. Bibi mmoja alisema ni roho ya Bahati imekuja kuaga, akaanza wimbo wa kilio. Mama Sifa alimshika mdomo kwa mkono wake.

"Mutoto yangu amesema iko," alisema. "Mufu hasemake vile."

Tulishuka bado kuna mwanga.

Leo baada ya chakula Chefu amenipigia simu. Bahati yuko hai! Ametoka mwenyewe asubuhi, kwenye shamba la mama yake. Alikuwa ametoroka, na jana alipokaribia nyumbani alisikia watu wamejificha kwenye mihogo, akadhani ni walewale waliomteka. Jina lake lilipotajwa alijibu kabla hajajua anajibu, kisha hofu ikamrudisha bondeni. Miguu imemvimba. Hali chakula mpaka mama yake amtie tonge mdomoni.

Nililia kwa furaha palepale. Nilikuwa nataka kukata simu nikimbie kumwambia Mama Riziki.

"Ngoja, mama," Chefu akasema. "Sijamaliza."

Walikuwa wamemuuliza Bahati habari za wenzake. Akawatazama kama watu wanaomfanyia mzaha.

"Bote tulijibu," aliwaambia. "Tulikuwa pamoja pale mu mihogo. Hamukubasikia?"

Wanaume wamerudi kule bondeni na kutafuta hadi mchana. Wamekuta nyayo za mtu mmoja.

Nilipomweleza Mama Riziki, aliinuka akaanza kukunja nguo zake. Kisha akaniambia nimtafutie nafasi kwenye gari la Uvira. Anarudi Kinshasa kabla likizo ya bunge haijaisha. Sasa kuna mtu aliyerudi, anayejua walikopelekwa, na waziri hataweza tena kusema suala liko kwa wahusika. Nilimuuliza atasema nini kuhusu wale wengine. Aliendelea kukunja nguo zake.

Habari ya namna hii haihitaji redio. Imeshashuka mlima. Kesho mama zao watakuja hapa ofisini, na swali lao nalijua: wewe ulikuwa mule kanisani, ulisikia?

Tangu mchana nimekaa najaribu kukumbuka. Nakumbuka jina linatajwa. Nakumbuka "ni wa kwangu". Katikati palikuwa na kimya kifupi, kila mara, na mimi nilidhani ni watu wanaogopa kujibu. Kama wale wengine walijibu, walijibu humo, nami sikukisikiliza. Nani husikiliza kimya?

Sitawadanganya. Nitawaambia nilichosikia, na kile kimya nacho nitawaambia.