Anwani Tatu za Mlandege

Jumatatu, 8 Aprili 1957
Kumi la mwanzo la Ramadhani. Nimefuturu kwa Mzee Haji, muuza kahawa. Jana kwa Fundi Juma, mshona kanzu. Juzi kwa Bi Asha, mwenye nyumba yangu. Nanenepa na saumu! Ruhusa yangu ya ugeni inakwisha tarehe 20. Ukarani wa reli Tabora nimeuaga, mke wangu kafariki, Mungu amrehemu, na kule nyumba ni kimya kitupu. Nataka kuzeekea hapa Unguja, mtaani Mlandege. Wanadai barua ya pensheni, cheti cha daktari, mdhamini, na anwani moja ya kudumu. Ninavyo vyote. Bi Asha kanidhamini.

Jumatano, 10 Aprili
Nimepeleka karatasi uhamiaji. Karani kausifu mwandiko wangu. Nimevimba kichwa, sikatai. Afisa atakuja kuhakikisha ninapokaa. Aje tu.

Ijumaa, 12 Aprili
Afisa kaja nikiwa msikitini. Kamuuliza Fundi Juma. "Bwana Saidi? Anakaa kwangu." Mzee Haji naye: kwangu. Bi Asha: kwangu. Hakuna aliyekubali ionekane nina mwenyeji mwingine. Afisa kaandika anwani tatu, kaacha wito wa Jumatatu. Nashukiwa uongo. Mimi! Miaka thelathini ya tiketi, sijakosea hata moja. Hasira tupu.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimewafokea wote watatu. Mzee Haji kashangaa kweli. "Sasa ulitaka tuseme hukai kwetu? Si aibu hiyo?" Hasira ikaniishia hapo hapo. Hofu haijaisha. Sitaki kurudi Tabora. Sitaki kabisa.

Jumatatu, 15 Aprili
Uhamiaji. Wamenifuata wote watatu, sikuwaomba. Wamegombana mbele ya afisa nani mwenyeji wangu.
"Analala kwangu, juu ya godoro langu!" Bi Asha huyo.
"Na kanzu aliyovaa kamshonea nani?"
"Muulizeni kahawa anakunywa wapi baada ya tarawehe."
Afisa, naye kafunga, kacheka mpaka kafuta machozi. Kaandika anwani ya Bi Asha, palipo godoro. Kasema mdhamini mmoja anatosha. Fundi Juma kashanyakua kalamu. "Ntatia na mimi." Karatasi yangu ina sahihi tatu na muhuri. Nimelia mbele za watu. Sijali.

Jumanne, 16 Aprili
Mchana kutwa hakuna aliyenialika. Nikaanza kunung'unika. Alasiri Bi Asha kachungulia dirishani: "Leo sote tunafuturu kwako."
Nimekimbilia sokoni Darajani. Muhogo, nazi, papa mkavu. Chumvi nimezidisha. Wamekaa mkekani, wamekula, Mzee Haji kaongeza mara mbili. Hakuna aliyenishukuru kama anavyoshukuru mgeni. Wamekwenda tarawehe. Nitawafuata nikishaosha sahani.