Mfuko Ulioutupa Mtaroni

Kaka,

Chakula kimo jikoni, kimefunikwa. Kula kwanza, kisha usome.

Asubuhi hii afisa wa manispaa aliturudishia ule mfuko wa taka ulioutupa mtaroni jana. Ndani yake alikuta insha yangu ya chuo kuhusu usafi wa mitaa, yenye jina langu. "Kumbe mhubiri ndiye wewe, binti?" akaniuliza. Nilitamani ardhi inimeze.

~~Faini utalipa mwenyewe.~~

Nimemwomba tuuzibue mtaro badala ya kutozwa faini, naye amekubali, kwa sharti kwamba uwepo wewe mwenyewe saa kumi jioni. Nimekwenda kuazima majembe mawili kwa fundi mwashi.

Yule afisa aliniuliza kama kweli utafika. Nilimjibu, bila kusita, kwamba kaka yangu namjua.

Mdogo wako