Chupa Niliyoifunika kwa Leso

Nyambura, mjukuu wangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza kama nitakubali ubaki huko ng'ambo miaka mingine minne. Kabla sijajibu, yule mama profesa wako akachungulia nyuma yako akakuita binti yake. Nikajifanya mtandao umepotea. Mtandao ulikuwa sawa. Nilizima simu na siku hiyo sikula. Nimekuogesha tangu ukiwa wa siku nane, halafu yeye ndiye ana binti.

Shule mimi sikuikanyaga. Herufi hizi nilizipata uzeeni, darasa la ngumbaru, pale kanisani. Lakini nakuandikia, kwa maana kwa simu nitatukana.

Unakumbuka ile chupa? Ulikuwa kidato cha pili. Ulichota matope kwenye mtaro nyuma ya gereji za Kariobangi, ukayajaza kwenye chupa kubwa ya kioo, ukachanganya na gazeti lililochanwa na kiini cha yai langu.

"Yai zima unalisha matope?"

"Si matope, Shosho. Ni bakteria. Ngoja uone."

Ukaiweka dirishani hapa Umoja. Baada ya wiki kadhaa matope yakawa zambarau. Kuanzia hapo ukiamka unaisalimia hiyo kwanza. Mimi nimesimama na uji, wewe umenipa mgongo.

Siku maji yalipokatika, tumejipanga na majirani kwenye ngazi tukipitisha ndoo mkono kwa mkono hadi tangi la ghorofa ya nne, ndipo uliponieleza. Ulisema hao wadudu wako wana antena zilizopangwa kama pete. Mwanga ukinaswa na pete moja haukai hapo, unarukia nyingine, na nyingine, hadi ufike pale katikati unapogeuzwa kuwa nguvu ya kuishi.

"Kama hizi ndoo, Shosho. Hakuna anayekunywa njiani."

"Na umbea je, wanapiga wakiwa kwenye ngazi?"

"Hawana muda. Unafika hata hujapepesa jicho."

Nilicheka na wengine, lakini roho iliniuma. Vitu vya mtaroni, havina hata macho, na ulivijua hadi ndani. Mimi hujawahi kuniuliza ndani yangu kuna nini.

Sasa nikuambie nililokuficha. Ulipoenda kwa mama yako Nakuru likizo nzima, niliifunika ile chupa kwa leso yangu ya kujifunga kiunoni. Makusudi. Nilitaka wafe, urudi ukute matope tu, uketi unywe uji na mimi. Asubuhi ya kurudi kwako nikaitoa leso, nikakaa kwenye kiti nikingoja ulie.

Ukapiga magoti pale dirishani. Zambarau ilikuwa imekoza kuliko ulivyoiacha.

"Shosho, kulikuwa na giza huku? Mwanga ukipungua wanaongeza antena, ili wanase hata ule kidogo."

"Kulikuwa na mawingu," nikasema.

Jioni hiyohiyo ukatangaza kwamba kuwasoma hao wadudu ndiyo kazi yako maishani.

Kwa hivyo si profesa aliyekuchukua. Ni mimi niliyekupeleka, nikiwa nataka kuwaua wadudu wako. Miaka hii yote nimewaambia watu wa kanisa ni Mungu, nikanyamaza kuhusu leso.

Ulisema hakuna pete inayobaki na mwanga. Hiyo ni tabia yao. Mimi huo mwanga ningebaki nao. Ningeukalia na kufunga mlango, na sioni aibu kukuambia. Nina wivu na huyo mama, nina wivu na mashine zenu, nina wivu na hao wadudu ambao leo hii unawaona kabla hujanywa chai.

Lakini juzi, kabla profesa hajachungulia, ulikuwa unanieleza kazi yako, mikono inaruka, umesahau hata mimi ni nani. Uso ule niliuona mara moja tu hapa nyumbani, siku ile dirishani, na haukuwa umenigeukia mimi.

Baki. Neno hilo nimelifuta mara mbili, ndiyo maana karatasi imetoboka. Baki umalize, na baraka zangu unazo zote. Jifunike kifua, ule chakula cha moto.

Huyo profesa usimpe salamu zangu bado. Nikiwa tayari nitampa mwenyewe kwa simu, na wewe utatafsiri kila neno bila kupunguza makali.

Ni mimi, mwenye wivu wako,
Shosho