Vifuniko vya Sahani Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Sahani mbili za maabara, zenye seli shina za kiinitete cha panya. Seli hizi bado hazijaamua zitakuwa nini maishani – mimi nazo tunashabihiana. Ili zigeuke neva, lazima kwanza zivunje protini inayozishikilia zilivyo. Sahani moja nimeitia dawa ya kuzuia uvunjaji huo: seli zitabaki shina. Nyingine haina dawa: zitageuka. Nadharia yangu mwenyewe. Miaka mitatu, na shahada yangu yote ya uzamivu imeegemea hapo.

Alhamisi, 7 Machi
Kioja! Zenye dawa zimegeuka neva, mikia mirefu. Zisizo na dawa zimekaa vilevile. Kinyume cha nadharia yangu! Profesa kachungulia hadubini, kaguna, kasema huu ni ugunduzi mkubwa. Kaniita daktari. Nikampigia Mama. Akauliza basi goti lake nitalitibu lini. Nikamwambia karibuni tu. Sina haya.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi wa maabara – yule tunayemwita Mama Usafi – kaniuliza taratibu mbona naandika alama kwenye vifuniko. Akasema: wenzio huandika kwenye sahani yenyewe, mwanangu. Kifuniko hakina mwenyewe. Nikacheka.
Halafu nikakumbuka Jumanne. Vifuniko vilishika mvuke. Niliviondoa vyote viwili, nikavipangusa, nikavirudisha huku naongea. Kipi kilirudi wapi? Mungu anajua. Na mimi ndiye ninayewafundisha wa mwaka wa kwanza waandike kwenye sahani! Mganga hajigangi.
Nimeanza upya kimyakimya. Safari hii nimeandika kwenye sahani, mara tatu, kwa wino usiofutika.

Jumatatu, 11 Machi
Asubuhi: zenye dawa zimebaki shina. Zisizo na dawa zimegeuka. Kumbe nadharia yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo! Na hakuna atakayefurahi, hata mimi.
Saa nne: naandika haya mkutanoni, daftari magotini. Sikumwahi Profesa nimwambie. Kaalika idara nzima, na ukutani kuna picha za Alhamisi, kubwa kama mlango. Anasema vitabu vitaandikwa upya. Wanapiga makofi. Mama Usafi peke yake hapigi. Ananitazama tu.
Naogopa. Nikisimama kusema ukweli nitababaika, najijua. Basi neno la kuanzia nimeliandika kiganjani: VIFUNIKO.
Kwa wino wa kawaida, mjinga mimi. Jasho limeshakula nusu.
Profesa ananyoosha mkono upande wangu. Daktari wetu, anasema, njoo uwaeleze mwenyewe –