Wimbo Tuliourudia Rudewa

Dada Ingrid, shikamoo.

Mwalimu mkuu ameniambia unakuja Mikumi na wageni wa kampuni yako mpya ya utalii, na kwamba mkishaona wanyama mtapita Rudewa. Umeomba watoto wawaimbie wimbo wa kuaga, ule tuliowaimbia wewe na wenzako mlipomaliza kujitolea shuleni kwetu. Siku hizi mimi ndiye mwalimu wa darasa la tano, na kazi ya kuwafundisha nimepewa mimi.

Nakumbuka ulivyonisafisha donda la mguu kila mapumziko, bila kukunja uso. Nilikupenda. Ndiyo maana siku ya kuaga nilisimama mstari wa mbele nikikutazama wewe tu. Tuliimba, ukalia. Kisha mwenzako akagundua kamera haina filamu, akaweka mpya, tukaambiwa turudie. Ukalia tena, kwenye ubeti uleule.

Tausi, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Huyu naye ana machozi ya akiba." Nilimfinya, lakini tangu hapo sikuacha kujiuliza.

Mama alikupa tetea, ukampokea kwa mikono miwili. Jioni ukamrudisha kimyakimya jikoni kwetu, ukasema, "Mama, ninyi mnamhitaji zaidi." Ulipotoka tu, mama akasema, "Kumbe muda wote alikuwa anatuhurumia." Kuku yule hatukumchinja. Alizeeka uani.

Labda nakuonea. Labda mtu anaweza kulia kweli mara mbili. Lakini miaka yote hii hatukusikia neno lako, na leo ulichokumbuka ni wimbo. Hukumuulizia mama, wala mguu wangu.

Nimemwambia mwalimu mkuu sitawafundisha. Akacheka. "Mwalimu, wimbo tu huo. Wageni wakifurahi tutapata madawati."

"Watoto hawa wamuage nani, Mwalimu? Hawajawahi kukaa naye."

Hakucheka tena. Akasema nitajibu mwenyewe kamati ya shule ikiuliza kwa nini tumekosa madawati. Nitajibu.

Lakini wewe njoo. Njoo asubuhi, kamera ibaki garini, ubanane na watoto wangu kwenye dawati la nyuma, uwasikilize wakisoma mpaka kengele ya mwisho. Ukifanya hivyo, nitakusindikiza mwenyewe hadi barabara kuu, kwa miguu, gari lako litufuate nyuma.

Ni mimi,
mdogo wako wa Rudewa