Maji ya Thawabu Yanauua Mkwaju wa Mzee

Al Twar, Jumamosi, Januari 2014

Leo kumekucha na ukungu, na baridi imenifanya nivae soksi jikoni. Dubai nzima inaifurahia hali hii. Mimi nina hasira tangu jana alasiri na bado hazijapoa.

Nianze na mti, maana wengine mnaosoma hapa hamjui kazi yangu. Nimeajiriwa kumwangalia Mzee Nasoro, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huku akiwa kijana. Ana bonsai moja nje uani: mkwaju uliofundishwa kuishi mdogo ndani ya chungu kipana. Kimo chake hakifiki goti langu na umri wake unanizidi. Mikono ya Mzee ilipoanza kutetemeka, alinikabidhi mimi. Amenifundisha kwa miaka mitatu: wakati wa baridi usikate tawi, usitie mbolea, usiguse mizizi. Uweke ukutani upande unaopata jua, upepo wa usiku usiufikie. Na maji usitie mpaka uchomeke kijiti kwenye udongo na kitoke kikavu. Mkwaju ni mti wa joto. Baridi ikiingia unalala, haunywi.

Hayo ndiyo yote. Si mambo ya kusomea chuo.

Tatizo ni wageni.

Wakati wa joto hakuna anayekuja. Nani atakaa uani na jua lile? Ila baridi ikianza tu, kila Ijumaa baada ya swala wanajaa ndugu, majirani na watoto wa ndugu. Mazulia yanatandikwa, kahawa inapita, na kila mmoja anapewa chupa ndogo ya maji. Anakunywa nusu. Nusu iliyobaki kuimwaga chini ni israfu, kwa hiyo anainuka na bismillahi yake na kuimimina kwenye mkwaju, apate thawabu. Jana nilihesabu mpaka chupa ya kumi na moja, nikaacha.

Nani atamkataza mtu thawabu?

Mimi nilijaribu. Majani yamekuwa ya manjano wiki mbili sasa, na udongo unanuka. Jana Bi Zuwena, dada yake Mzee, aliyatazama majani yale, akaniita mbele ya kadamnasi.

"Saumu, mbona mti wa kaka yangu unaunyima maji? Hebu utazame ulivyonyong'onyea."

"Umezidiwa na maji, Bi Zuwena. Naomba msiutie tena."

"Tangu lini maji yakaua mti? Wallahi siku hizi hata maji ya Mungu tunapimiwa."

Watu wakacheka. Akafungua chupa nzima, mpya, akaimimina yote huku ananitazama.

Nikachukua sinia nikaingia ndani. Nimeandika hapa mara ngapi kwamba nimejifunza kunyamaza? Basi nilinyamaza, na sijivunii. Nililia kidogo kwenye sinki, kwa hasira tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mti ukifa, hakuna atakayezikumbuka zile chupa. Watasema Saumu ameua mti wa Mzee.

Leo asubuhi nimefanya jambo ambalo Mzee alinikataza. Nimeutoa mkwaju kwenye chungu. Mizizi ya chini ilikuwa myeusi, inateleza mkononi. Nimekata iliyooza peke yake, nikaupanda upya kwenye changarawe kavu, nikaupandisha juu ya paa, nyuma ya matangi, ambako jua linapiga na mgeni hafiki. Kisha nikaenda kumwambia Mzee mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atawaka, kama si kwangu basi kwa dada yake. Nikamwomba awaambie wageni waache.

"Sitawaambia," akasema. "Mwanangu, miezi minane hapaingii mtu hapa. Mti huo naupenda, lakini haunijulii hali. Nikianza kuwawekea watu masharti, watapata pengine pa kukaa."

Miaka mitatu naamka alfajiri kuuangalia mti wake, kumbe yuko radhi wauue mbele ya macho yake, ilimradi waje. Nilimkasirikia. Bado nimemkasirikia hata sasa ninapoandika, kuliko ninavyomkasirikia Bi Zuwena, kwa sababu Mzee anajua maji yanauua. Na hao wanaokuja hawana habari ni kitu gani anakitoa ili wakae naye.

Baadaye akaniuliza, "Mti utapona?"

"Sijui, Mzee. Tutajua joto likirudi."

Akaitikia kwa kichwa, akageuza uso.

Mchana nimekwenda kwa wauza mimea, nikarudi na nanaa yenye mizizi yake. Nimeipanda kwenye ndoo kubwa na kuiweka pale pale mkwaju ulipokuwa. Nanaa haina ugomvi na maji. Ijumaa wamimine mpaka wachoke, thawabu zao wapate, na Mzee apate watu wake. Ufunguo wa paa ninao mimi.

Jambo moja tu sijaliamua. Nanaa ikistawi, najua Bi Zuwena atasimama pale na chupa yake mkononi aseme, "Mnaona? Palikuwa panataka maji tu."

Je, siku hiyo nitaweza kunyamaza?