Picha Uliyoitaka

Baba watoto,

Salamu zako zimefika, na kitambaa pia. Cherehani imepata mkanda mpya, na paa la jikoni limeacha kuvuja.

Ile picha ya ubongo wa binti yetu siitumi. Watafiti wa hospitali waliwapiga picha hizo yeye na vijana wenzake wenye sonona, huo ugonjwa wa huzuni nzito, waone umbo la ubongo na jinsi damu inavyopita. Nilimwomba daktari nakala, nikamwambia, "Baba yake anasema mtoto anadeka tu." Akanijibu taratibu kwamba picha ya mtoto mmoja haithibitishi kitu, tofauti huonekana wakilinganishwa wengi. "Ugonjwa wake tumeujua kwa kumsikiliza, mama."

Sketi yake ya shule nimeipunguza kiuno mara tatu mwaka huu. Kila mara alisimama mbele yangu, nikampima, nikabana pini, nikamsifu eti sasa anapendeza. Fundi mzima mimi, sikumwuliza kwa nini chakula hakipiti.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Mama, kwani mimi nikisema naumwa haitoshi?"

Nilimshika mkono. Swali hilo ni lako pia.

Kile kitambaa ulichonitumia nishone gauni langu, nimemkatia yeye sketi. Kiunoni nimeacha nafasi kubwa ndani ya mshono, ya kuachia siku atakaponenepa. Safari hii usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, na habari za picha usimwulize.

Ni mimi, mama yake.